Sabuni ya ukeni ya Sh 12,000: nyota mbili, zote za chupa

Nianze na sifa zake, nisije nikaonekana mchawi. Chupa ni nzuri, pampu yake haivuji, na inanukia yasmini kama chumba cha bibi harusi. Sifa zimeishia hapo.

Mimi ni fundi cherehani, Mbagala. Mimba ilikuwa na wiki 7 hivi nilipoanza kuona chupi inalowa kutwa. Majimaji meupe, mepesi kama maji ya mchele, hayawashi wala hayanuki. Yakikaukia kwenye chupi nyeusi yanaacha alama kavu kama kitambaa kilichotiwa wanga. Kichefuchefu nilikitegemea. Kuamka usiku mara tatu kukojoa niliambiwa, hata chuchu kuwa nyeusi dada alishanitania. Hili hakuna aliyenidokeza. Halafu wenyewe tunaliita "uchafu", na ukishaitiwa uchafu unatafuta nini kama si sabuni?

Duka la dawa nilinong'ona, kijana akanijibu kwa sauti ya mnada: "Unatokwa na uchafu? Hii hapa, asubuhi na jioni." Hakuuliza kama nina mimba, na mimi kwa aibu sikusema.

Siku ya kwanza nilijiona mpya. Siku ya tatu nikikojoa panachonyota. Siku ya tano nawashwa mpaka stuli ya cherehani haikaliki, na yale majimaji yameshakuwa mabonge kama maziwa mgando. Nikaenda kliniki.

"Shikamoo sista."

"Marahaba mwanangu. Umejiosha na nini?"

Kabla sijafungua mdomo! Nikamwonyesha chupa. Akacheka, kisha akanieleza. Ule wa mwanzo ulikuwa ute, si uchafu. Mimba ikiingia homoni zinapanda, damu inakwenda kwa wingi kule chini, na ute unaongezeka ili kuzuia vijidudu visipande juu. "Mwili umeweka mlinzi, wewe umemfukuza." Hawa wa sasa ni fangasi. Sabuni hakuibebesha lawama yote, maana mimba yenyewe inawakaribisha, ila manukato yalizidisha muwasho. Alinipa vidonge vya clotrimazole vya kuweka ukeni usiku, akanikataza kununua fluconazole ya kumeza kiholela, hasa miezi hii ya mwanzo. Kuosha ni nje tu, kwa maji. Ndani kunajisafisha kwenyewe. Nikiona rangi ya kijani au njano, au harufu ya samaki, nirudi. Nikiona damu au tumbo likikaza, nirudi siku hiyohiyo, nisingoje tarehe ya kadi. Hapohapo akanifungulia hiyo kadi, nikatolewa damu ya kupima VVU, kaswende na wingi wa damu.

Muwasho ulikwisha ndani ya wiki. Ute upo mpaka leo, na tunaishi nao. Zile chupi zangu za nailoni nimezitupa, nikakata doti moja kuukuu ya kanga za pamba, nikashona chupi 6, kile kipande cha katikati nikakiweka mara mbili. Zinanyonya vizuri na hazibani mapaja. Ukitaka nitakushonea.

Chupa ilibaki nusu, nikaiweka kwenye sinki la ofisini ya kunawia mikono. Wateja wananiuliza inauzwa wapi.