Besi ilikuwa inatoa sauti mbili kwa noti moja: uzoefu wangu na fundi wa magitaa

Kama uzi wa E (ule mnene kuliko wote) wa gitaa lako la besi unalia sauti mbili kwa noti moja, usikimbilie kununua nyuzi nyingine. Za kwangu zilikuwa mpya kabisa.

Besi ninayopiga kwaya ni ya nyuzi nne, muundo wa Jazz Bass wenye pikapu mbili (vinasa sauti vyenye sumaku, chini ya nyuzi), na ilikuwa na milio mitatu ya ajabu kwa wakati mmoja. Uzi wa A ukipigwa wazi, bila kubonyezwa, ulizizima kama kuna nyuki ndani. Uzi wa E, kuanzia freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) kwenda juu, noti ilitoka kama mbili zinazogombana, na tyuna, kifaa cha kupimia noti, haitulii. Halafu uzi wa G, freti ya 5 na ya 6, sauti ilikuwa inakufa haraka hata ukikandamiza vipi.

Fundi niliyempelekea yuko Dar es Salaam, kwenye chumba kidogo kisicho na bango. Hakugusa skrubu hata moja kabla ya kusikiliza. Alipiga kila freti ya kila uzi bila amplifaya, kisha akachomeka akarudia. Kwake, mkwaruzo unaosikika bila amplifaya lakini kwenye spika haupo si ugonjwa, na ukiinua nyuzi ili kuufukuza unaishia kuumiza vidole bure.

Mafundi wengi huanza kwa kuzungusha chuma cha ndani ya shingo, kile kinachorekebisha mpindo wake. Yeye alikipima kwanza. Alibonyeza uzi wa E freti ya 1 na freti ya mwisho, akapenyeza fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia nafasi vya mafundi magari, karibu na freti ya 7. Upenyo ulikuwa kama milimita 0.3. Shingo iko sawa, akaiacha.

Mzizimo wa A aliupata kwa kidole kimoja: alipobonyeza freti ya 1 ulipotea. Basi tatizo lilikuwa kile kipande cha plastiki juu ya shingo ambacho nyuzi hupita, mfereji wa uzi ulikuwa umelika hadi uzi ukawa unagusa freti ya kwanza. Alichonga kipya kwa mfupa wa ng'ombe. Hapa ndipo nilipomheshimu. Alikuwa anasugua kwa tupa nyembamba mara mbili tatu, anarudisha uzi, anaupiga, anasikiliza, anasugua tena, kwa sababu mfereji ukishapita kina haurudi.

Uzi wa E ulipona kwa bisibisi tu. Pikapu zilikuwa zimepandishwa mno, nadhani kuna mtu alitaka sauti kubwa. Sumaku zake huvuta uzi wa chuma, na ule mnene ndio unaoathirika zaidi. Kadiri unavyobonyeza freti za juu ndivyo uzi unavyoikaribia sumaku, ndiyo maana noti za chini zilikuwa safi. Alibonyeza freti ya mwisho, akashusha pikapu hadi ikabaki nafasi ya milimita 2.5 hivi chini ya uzi wa E. Zile sauti mbili zikawa moja pale pale! Sauti ilipungua kidogo, nikaongeza kwenye amplifaya. Baada ya hapo ndipo akalinganisha hamoniki ya freti ya 12 (mlio unaotoka uzi ukiguswa tu bila kubonyezwa) na noti yake, akisogeza vikalio vya nyuzi kwenye daraja. Ukianza na vikalio wakati sumaku bado inavuta, vipimo vyote vinakudanganya.

Nililipa shilingi 60,000 pamoja na mfupa, na naona ni haki. Ninalomlalamikia ni kwamba anachukua muda mrefu na haandiki vipimo alivyoacha. Ilibidi nimwombe anitajie niviandike mwenyewe.

Kwa uzi wa G aliniambia ukweli: hakuna dawa ya kudumu. Shingo yenyewe hutetemeka kwa mtetemo wa noti hiyo na kuimeza. Alibana klampu ndogo kwenye kichwa cha gitaa, na sehemu iliyokufa ikahamia freti ya jirani mbele ya macho yangu. Angeweza kunitoza hela ya kuchezea freti, hakufanya hivyo. Noti ya C ya freti ya 5 sasa naipiga kwenye uzi wa D, freti ya 10, na inadumu vizuri.