Majengo ya jeshi Presidio, San Francisco: kukarabati au kuvunja ujenge upya?

Jeshi la Marekani liliondoka Presidio 1994, kambi iliyoanzishwa na Wahispania 1776, likaacha majengo kibao, na 1996 Kongresi ikaunda Presidio Trust, shirika la serikali la kusimamia eneo hilo, na kulipa hadi 2013 iwe inajitegemea, yaani kodi za wapangaji ndo zilipe bili. Hapo ndo unaona njia mbili.

Kuna yale mabweni ya matofali mekundu ya Montgomery Street, ya miaka ya 1890. Hayakuvunjwa. Moja ni makumbusho ya Walt Disney tangu 2009, lingine likafunguliwa kama hoteli 2018, na ukisimama nje bado unaona vibaraza vinavyotazama uwanja wa gwaride kama enzi za wanajeshi. Gharama yake si mchezo, maana nyaya, mabomba, kuimarisha kuta kwa ajili ya tetemeko, vyote unavipenyeza bila kuharibu sura ya jengo.

Halafu kuna hospitali ya Letterman, ghorofa la zege la miaka ya 1960. Hilo liliangushwa, zikajengwa ofisi za Lucasfilm, kampuni ya filamu, zikafunguliwa 2005. Unapanga nafasi utakavyo, magari yanapaki chini ya ardhi.

Mimi kwa mabweni nasema karabati tu hata ichukue miaka, jengo la 1890 ukishalivunja ndo basi. Letterman siwalaumu. Ila kinachonitia wasiwasi ni kutegemea mpangaji mmoja mkubwa, siku akihama unabaki na pengo la kutisha, wakati mabweni kila moja lina mpangaji wake, akiondoka huyu wengine bado wanalipa.