Kava ya kazini na upasuaji wa kupunguza tumbo: nilivyoanza hapa Nakuru

Idhini ya vipimo nimeshapata, ya upasuaji wenyewe, wa kupunguza tumbo la chakula ili uzito ushuke, bado naisubiri, na hadi hapa bima yetu ya kazini naipa nyota tatu kati ya tano. Mbili zimekatwa kwa sababu ya majibu niliyopewa kwenye simu. Tatu ni za dada mmoja wa dawati la idhini, aliyesoma barua yangu hadi mwisho na kunijibu kwa maandishi. Kampuni sitaitaja. Nimeandika kwa sababu hapa mjini ukiuliza kuhusu upasuaji huu utasikia mengi, lakini ukiuliza nani analipa, watu wananyamaza.

Hali yangu ni hii. Nina ugonjwa wa sukari aina ya pili na presha, na metformin, dawa ya sukari, nimeimeza miaka. Uzito wangu ni kilo 104, urefu mita 1.62. Uzito ukigawanywa kwa urefu uliozidishwa kwa urefu, unapata BMI, na yangu ni 39.6. Usiidharau hiyo pointi nne inayokosekana kufika 40. Vigezo ambavyo kampuni nyingi za bima bado zinavishikilia viliwekwa na Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani mwaka 1991: BMI ya 40 kwenda juu, au 35 kwenda juu kama una ugonjwa unaoletwa au kuzidishwa na uzito. Mwaka 2022 vyama vikubwa vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha kiwango, vikasema 35 inatosha hata bila ugonjwa mwingine, na kwamba wenye 30 na kisukari pia wafikiriwe. Bima yetu ingali kwenye vile vya zamani. Kwa hiyo kwa uzito peke yake sifikii. Sukari na presha ndizo zinazonifungulia mlango, na zisipoandikwa kwenye faili, kwa bima ni kama hazipo.

Sasa hiyo simu. Kijana aliyepokea aliniambia, "Mama, mambo ya urembo hatulipi." Niliumia, na bado nikikumbuka naumia. Mtu ambaye sukari inatishia macho na figo zake hatafuti urembo. Nilimuuliza kwa heshima ni kifungu gani cha mkataba kinachosema hivyo, na kama anaweza kunitumia kwa barua pepe. Hakuwa nacho. Ushauri wangu mkubwa uko hapo: jibu la simu usilichukue kuwa jibu. Omba kifungu, omba maandishi.

Kile kijitabu tunachopewa pamoja na kadi ni muhtasari tu. Mkataba wenyewe uko kwa mwajiri, na afisa wetu wa wafanyakazi alinitolea nakala bila maneno mengi. Kwenye orodha ya mambo yasiyolipiwa niliikuta tiba ya kupunguza uzito, moyo ukanishuka, kisha nikasoma mstari unaofuata: isipokuwa pale inapohitajika kiafya, ikathibitishwa na daktari na kuidhinishwa kabla. Kijana wa simu alikuwa amesoma nusu ya sentensi. Mikataba mingine haina huo mstari wa pili. Kama wako hauna, ni heri ulijue hilo kabla hujaanza kulipa nauli na ada za kumwona daktari.

Ukiwa na mkataba mkononi, angalia pia kikomo. Kava ya kulazwa huwa na kiasi chake, lakini ndani yake mara nyingi kuna kikomo kidogo cha magonjwa ya kudumu, na upasuaji kama huu unaweza kuwekwa huko. Bili inakusanya hospitali, daktari wa upasuaji, daktari wa nusukaputi na vifaa. Ikizidi kikomo, kinachobaki ni chako kulipa. Uliza upasuaji utahesabiwa kwenye fungu gani. Makato ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ile asilimia 2.75 ya mshahara, ni habari nyingine kabisa. Huko utauliza kivyake.

Barua ya daktari ndiyo iliyobeba kazi yote. Nahudhuria kliniki ya sukari hapa Nakuru, na kila ninapofika sista hunipima uzito na presha kabla sijamwona daktari. Nilidhani ni utaratibu tu wa kliniki. Bima ilipotaka ushahidi kwamba nimejaribu kupungua kwa njia nyingine, zile kadi zilizojaa namba za sista, pamoja na karatasi za mtaalamu wa lishe, zilinitetea vizuri kuliko maneno yangu yoyote. Kitu kimoja kilikosekana: urefu. Uzito ulikuwepo kila ukurasa, urefu haukuandikwa popote, na bila urefu hakuna BMI. Sista alinisimamisha ukutani akanipima akisema, "Simama wima mama, hata nusu sentimita ni mali." Kama unahudhuria kliniki yoyote, waombe waandike vyote viwili kuanzia sasa.

Daktari aliandika ugonjwa kwanza, uzito baadaye. Akataja dawa zote na muda wa kila moja, majibu ya kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu, presha, na kwamba nakoroma na kushtuka usiku nikikosa pumzi, jambo ambalo mimi nisingelitaja kwa sababu sikujua linahusika. Linahusika sana. Kukatika kwa pumzi usingizini ni mojawapo ya magonjwa yanayohesabiwa. Basi ukikaa mbele ya daktari wako, sema yote: magoti, usingizi, kiungulia.

Shangazi yangu ananipenda, na kila Jumapili ananiambia nipunguze chapati. Nilipunguza, shangazi. Mwili ukipungua huongeza njaa ili urudishe ulichopoteza, na hilo ni suala la homoni kabla halijawa suala la nidhamu. Katika upasuaji niliopendekezewa, tumbo hukatwa kwa urefu na kuondolewa karibu asilimia 80, pamoja na sehemu inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini. Ndiyo maana unasaidia hata sukari. Hili nilimwomba daktari aliweke kwenye barua, aliweke kwa lugha ambayo watu wa bima wanaielewa.

Idhini ya kwanza ilihusu vipimo: damu, kamera ya tumbo, kipimo cha usingizi, na kikao na mwanasaikolojia. Daktari wa upasuaji nimemwona Nairobi, kilomita kama 160 kutoka hapa, na nauli hailipwi na mtu. Kabla ya kupanga safari hakikisha hospitali na daktari mwenyewe wote wako kwenye orodha ya bima yako. Hospitali inaweza kuwemo, daktari asiwemo.

Jambo la siri liliniogopesha kuliko kisu. Sikutaka ofisi nzima ijue. Afisa wa wafanyakazi alihitaji kunipa mkataba tu. Barua na vipimo nilivituma moja kwa moja kwenye dawati la idhini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na dada wa dawati alilifahamu hilo bila kukumbushwa. Kwa hili nyota zake anazistahili kabisa.

Wakikataa, nitaomba sababu na kifungu kwa maandishi, nikate rufaa kwao, na nisiporidhika nipeleke malalamiko IRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima nchini. Kwa sasa nimewaandikia maswali mawili ambayo hawajajibu. La kwanza ni vitamini na vipimo vya damu baada ya upasuaji, kwa kuwa hivyo ni vya maisha yote na nataka kujua nani atalipa. La pili ni kuhusu mwisho wa mwaka, kava inapofanywa upya: idhini ikitolewa sasa na mwajiri akahamia kampuni nyingine, bado itafaa? Yakijibiwa nitaongeza hapa, na nyota zinaweza kupanda.