App ya kutambua miti, nyota 3

Nimehamia nyumba ya kupanga hapa Tanga, uani kuna mti siujui, matunda ya kijani kama vidole yamejibandika kwenye shina lenyewe, basi nikapakua app ya mimea nikapiga picha jani ikanambia mwarobaini, we! Nikarudia na tunda na kile kiua chekundu ndo ikapata, mbirimbi. Bibi wa jirani kacheka, "mjukuu wangu, hiyo hela ya bando si ungenletea sukari."

Linaliwa ila lina uchachu balaa, mi naweka kwenye mchuzi wa samaki au natia achari. Juisi yake usigide, ina asidi ya oksaliki nyingi inaumiza figo, na hilo app haijasema kabisa.