Speed (1994): picha nzuri ya basi lililopoteza uzito wake

Nimeendesha mabasi ya abiria ya mjini kwa miaka 19, na Speed nimeitazama si chini ya mara kumi. Naipenda sana picha hii, na ndiyo maana makosa yake yananiuma. Picha nisiyoipenda siikosoi. Nikizima runinga nimeshaisahau.

Kwa ambaye hajaiona: iliongozwa na Jan de Bont, ikatoka mwaka 1994. Keanu Reeves ni Jack, askari polisi wa Los Angeles. Adui ni Howard Payne, anayeigizwa na Dennis Hopper, naye ametega bomu uvunguni mwa basi namba 2525. Basi likishavuka maili 50 kwa saa, yaani kilomita 80, bomu linakuwa tayari. Likirudi chini ya hapo, linalipuka. Payne anataka dola milioni 3.7, na hataki abiria hata mmoja ashushwe. Dereva anapigwa risasi ndani ya basi, kisha abiria aitwaye Annie, ambaye ni Sandra Bullock, anashika usukani.

Anayeendesha basi anaelewa mara moja kwa nini wazo hili linatisha. Kazi yetu kutwa nzima ni kupunguza mwendo. Unapunguza kwa ajili ya kituo, mtoto aliye ukingoni mwa barabara, taa, mzee anayepanda ngazi taratibu. Ukimnyima dereva wa basi breki, umemnyima kazi yenyewe. Aliyebuni hilo alifikiri vizuri mno, na ningependa angeendelea kufikiri hivyo hivyo hadi mwisho.

Watu wakiikosoa picha hii huanza na ule mruko wa basi juu ya pengo la barabara. Mimi naanza na kona, maana kona ndiyo iliyoniinua kitini siku ya kwanza. Annie anatakiwa kukata kona kali kwenda kulia kwa mwendo uleule usiopungua maili 50. Jack anawahamisha abiria wote upande mmoja ili uzito wao ulizuie basi lisipinduke. Basi linainama, magurudumu ya upande mmoja yananyanyuka, kisha linarudi chini na safari inaendelea.

Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Kona ya mtaani, hata ukiichukua kwa upana wote wa barabara, ni sehemu ya duara ambalo kutoka katikati hadi ukingoni ni mita 20 hivi. Kwa kilomita 80 kwa saa, nguvu inayolisukuma basi kwenda nje ya kona ni kama mara mbili na nusu ya uzito wa basi lenyewe. Basi refu huanza kupinduka nguvu hiyo ikifika nusu ya uzito wake, au zaidi kidogo. Kwa hiyo Annie hakuikaribia hatari ile, aliipita mara nne au tano. Na wale abiria? Ni kumi na kitu. Ukiwahesabu kilo 70 kila mmoja, tani moja hawafikishi, wakati basi tupu la mita 12 halipungui tani 8. Kuhama kwao kunasaidia kidogo tu. Ili basi lile lipite pale kwa mwendo ule bila kulala ubavu, kona ingetakiwa kuwa pana mara tano.

Nina sababu ya kulichukulia kwa uzito. Mwaka wangu wa pili kazini niliingia kona kwa kilomita 30 kwa saa, jioni, basi limejaa. Niliona ni mwendo wa kawaida. Mama mmoja mtu mzima alikuwa amesimama karibu na mlango, mkono mmoja una mfuko na mwingine ndiyo kwanza anautafutia bomba la kushika. Akaanguka kwenye ngazi, mkono ukavunjika. Kilomita 30. Sauti ya kuanguka kwake ninayo mpaka leo, na tangu siku hiyo siingii kona kabla sijatazama kwenye kioo nani amesimama na nani ameshika. Kwa hiyo nikiona watu wamesimama ndani ya basi linalokata kona kwa kilomita 80, kisha wanapumua na kutabasamu, siwezi kukaa kimya.

Sasa mruko. Barabara kuu wanayoifuata haijakamilika, na mbele kuna kipande cha futi 50, kama mita 15, ambacho hakijajengwa. Jack anamwambia Annie akanyage mafuta. Basi linakimbia, linaruka pengo huku pua imeelekea juu, linatua upande wa pili, linaendelea.

Najua steringi hauawi. Tumelikubali hilo tangu utotoni na mimi silipingi. Lakini gari likitoka kwenye ukingo wa barabara iliyolala sawa, linaanza kuanguka papo hapo. Tuseme Annie alifika maili 70 kwa saa, ambazo kwa basi la mjini ni nyingi, maana gia za mabasi haya zimepangwa kwa kuondoka na kusimama, hazikupangwa kwa mbio. Kwa mwendo huo mita 15 zinachukua karibu nusu sekunde, na ndani ya nusu sekunde basi limeshuka zaidi ya mita moja. Tena magurudumu ya mbele ndiyo yanayotangulia kukosa barabara huku ya nyuma bado yamebebwa, kwa hiyo pua inainama. Haiwezi kunyanyuka. Ekseli ya mbele ingegonga ukingo wa zege na mambo yangeishia hapo.

Kinachonisikitisha ni kwamba watengenezaji walilijua hili kuliko sisi sote. Walirusha basi la kweli, na ili liruke waliliwekea njia ya mwinuko ya kulirushia. Barabara ile, namba 105 ya Los Angeles, haikuwa na pengo mahali pale. Pengo lilitengenezwa baadaye kwa kompyuta, kwa kufuta kipande cha barabara kwenye picha. Ile pua iliyonyanyuka unayoiona ni alama ya mwinuko ambao hadithi haikuutaja. Hivi kulikuwa na ugumu gani kuuingiza kwenye hadithi? Barabara inajengwa! Mahali pa ujenzi pana mabamba ya chuma, vifusi, njia za muda za malori. Picha moja ya sekunde tatu ya mteremko wa kifusi uliolazwa mabamba, na Jack akiuona kwa mbali, ingetosha. Mruko ungebaki wa kutisha vilevile, na sisi tunaoendesha tungekaa kimya kwa heshima.

Kuhusu tangi la mafuta nawatetea. Jack anaingia uvunguni akiwa amelala kwenye kitoroli kinachovutwa, kitoroli kinaharibika, naye ili asisagwe anachoma tangi kwa bisibisi apate pa kushika. Mafuta yanaanza kuvuja. Nimesikia watu wakisema dizeli ingekwisha upesi mno, au kwamba tundu dogo halina madhara. Si kweli. Tundu la milimita 8 chini ya tangi linaweza kutoa kama lita 5 kwa dakika. Tangi la lita 300 linakwenda karibu saa nzima, na hiyo inalingana vizuri na wasiwasi wanaotuonyesha. Nina shaka tu na mkono wa mtu kutoboa chuma kile kwa pigo la namna ile.

Na chumba cha mawasiliano kiko wapi? Hili ni tundu la hadithi yenyewe, na kwangu ni kubwa kuliko lile la barabarani. Payne anampa Jack namba ya basi na njia yake. Dereva yeyote angeuliza swali moja kabla ya yote: wanaopanga mabasi wameshaambiwa? Watu wale wanajua kila basi liko wapi, nani analiendesha na foleni iko wapi. Wao ndio wa kumwambia dereva asivuke maili 50 hata iweje, bomu likabaki limelala. Jack anachagua kulifukuza basi barabarani kwa gari. Naelewa kwamba mbio zinapendeza kwenye picha kuliko simu. Hata hivyo wangeweza kumwonyesha akijaribu na kushindwa, laini imejaa, au dereva hasikii. Kujaribu na kushindwa ni hadithi nzuri pia.

Kuhusu kutoka kwa Jack na Annie nitasema kidogo. Wakiwa uwanja wa ndege, abiria wengine wameshahamishiwa gari jingine linalokimbia sambamba, wao wawili wanaufunga usukani, wanalala juu ya kifuniko cha sakafu na kuteleza nacho barabarani hadi wanatokea nyuma ya basi. Ukishawahi kuingia uvunguni mwa basi lenye injini nyuma, unajua huko kuna difu, lile bonge la chuma lenye gia za kuzungusha magurudumu ya nyuma, na baada ya difu kuna injini yenyewe na sinia lake la oili vikining'inia. Watu wawili waliokumbatiana juu ya bamba hawapiti hapo bila kuguswa. Basi lenyewe linakwenda kugonga ndege ya mizigo na kulipuka, na macho yote yanahamia kwenye moto.

Lakini nitaitazama tena, na nitakwambia kwa nini. Mikono ya Annie. Usukani wa basi ni mpana na umelala, hauendeshwi kama wa gari dogo, na Bullock anaubeba kwa mabega, anaegemea, anahangaika nao. Anapoligonga lile gari la kusukumia mtoto na kudhani ameua, uso wake ni uso ambao madereva tunaujua. Ndani mlikuwa na makopo matupu. Mara ya kwanza nilisimamisha mkanda nikaenda kunywa maji.

Na kuna Sam, dereva wa basi kabla ya risasi. Asubuhi ile, kabla ya bomu kujulikana, Annie amechelewa, anakimbia nyuma ya basi huku akimwita kwa jina. Basi limeshaondoka. Sam anasimama, anafungua mlango, wanaongea kama watu wanaoonana kila siku, naye anasubiri kidogo kabla ya kukanyaga mafuta. Hakuna anayeikumbuka sehemu hiyo kwa sababu hakuna kinacholipuka. Kwangu ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote, na aliyeiandika lazima amewahi kukimbilia basi.

Naipa nane kwa kumi. Alama moja imekwenda na kona, nyingine na chumba cha mawasiliano. Mruko nimewasamehe, kwa kuwa basi walilirusha kweli.