Kisanduku cha faiba: fungua mlango kabla ya kununua

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo mezani nina visanduku viwili vya kugawia faiba, vile vidogo vinavyofungwa ukutani kwenye ngazi za maghorofa au juu ya nguzo, halafu waya wa kila mteja unatokea hapo. Cheupe ni cha njia 8, cheusi cha njia 16. Dukani utaulizwa unataka njia ngapi. Mimi naomba muangalie kwanza uzi, ule wa kioo unaopitisha mwanga wa intaneti, unalala vipi humo ndani.

Nafungua cheupe. Mnaiona hii sinia? Inainuka kama ukurasa wa kitabu. Chini yake kebo kuu inaingia na kuzungushwa, na maungio yote yamelala huko. Juu kuna splita ya 1 kwa 8, yaani kigawanyaji cha mwanga wa uzi mmoja kwenda kwa wateja wanane, na adapta zake za kijani, pale konekta zinapochomekwa. Fundi akija kumuunganisha mteja mpya anaishia juu, maungio ya chini hayagusi. Na hizi kingo za mviringo zina kazi kubwa: uzi wa kawaida wa G.652D hautaki kukunjwa chini ya nusukipenyo cha milimita 30. Wa G.657A2 unavumilia hadi milimita 7.5.

Sasa cheusi. Hakina sinia. Adapta 16 zimebanana, na nyuzi zote zinapita mbele, usawa wa mlango. Tazameni mita hii ya kupima nguvu ya mwanga kwa dBm; namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, mwanga umepungua. Waya wa mteja umetokea kwenye tundu la chini mpaka hapa mezani. Mlango ukiwa wazi inasoma -20.3. Nafunga... -25.8. Sijagusa kingine chochote, ni mlango tu umekandamiza uzi.

Hizo desibeli tano na nusu si mchezo. Kwenye GPON, mfumo wa faiba moja kugawiwa nyumba nyingi, ya daraja la nguvu la B+, mtambo wa kituoni unatoa kati ya +1.5 na +5, na kifaa cha nyumbani kinataka mwanga usishuke chini ya -27. Splita moja ya 1 kwa 8 inakula kama desibeli 10. Wengi wanaweka mbili kwa kufuatana ili laini moja ihudumie nyumba 64, kwa hiyo 20 zimeshaondoka kabla hujahesabu konekta na urefu wa kebo. Hakuna akiba ya kuchezea.

Na hapa ndipo mteja anapoteseka. Taa nyekundu ya LOS, ya kuonyesha mwanga haufiki, inawaka, anapiga simu, fundi anakuja, anafungua kisanduku, mwanga unarudi. Anamwambia mbona mtandao upo! Anafunga, anaondoka, taa inawaka tena. Inaniuma sana, kwa sababu huyu mtu analipia kila mwezi.

Kwenye maji na vumbi, vyote viwili vimeandikwa IP65, yaani vumbi haliingii na maji ya kurushiwa hayadhuru. Usiishie kwenye maandishi, pitisha kidole kwenye mpira wa mlango. Wa cheupe umezunguka wote bila kukatika. Wa cheusi una pengo hapa kwenye kona. Tundu lisilotumika lizibwe, maana sisimizi wanapenda kuhamia humo. Na ninyi wa Tanga, Mombasa na Unguja, ulizieni skurubu za chuma kisichoshika kutu, chumvi ya bahari inakula hizi za kawaida.

Adapta za kijani ni za konekta aina ya SC/APC, ambayo ncha yake imekatwa kwa pembe ya digrii 8. Usichomeke konekta ya bluu, isiyo na pembe hiyo, humo hata kama inaingia.

Kwa jengo la nyumba 12 ningefunga vyeupe viwili, ghorofa tofauti, mradi kebo kuu ina uzi wa pili wa kulisha splita ya pili. Kama cheusi kimeshafungwa kwako, mwambie fundi abadilishe nyaya za ndani ziwe G.657A2, azizungushe pembeni, kisha asome mita mlango ukiwa umefungwa.