Yadi ya kulaza magari Sinza: nimelipia miezi mitano, na hivi ndivyo ilivyo

Nalaza gari langu kwenye hii yadi tangu Aprili 2025. Ipo Sinza hapa Dar, ng'ambo ya barabara ya Shekilango ukitokea mtaani kwetu, kwenye kiwanja ambacho mwenyewe alianza kujenga ghorofa akaishia msingi na nguzo nne. Bango hakuna. Utaiona kwa uzio wa mabati na taa moja ya sola juu ya geti. Kwa mwezi ni 45,000, kwa usiku mmoja 2,000. Mwanzoni niliona ni hela ya kutupa, kwa nini nilipie usingizi wa gari wakati mbele ya nyumba kuna barabara? Kwa hiyo kabla sijasema lolote kuhusu yadi, nieleze kilichonipeleka.

Mimi ni mpangaji, nakaa juu. Nyumba yetu ilikuwa na uwanja mbele, lakini mwenye nyumba aliujenga fremu tatu: saluni, wakala wa pesa na duka la vipodozi. Simlaumu, kila mtu Sinza amefanya hivyo. Viwanja hivi vilipimwa miaka ya 1970 kwenye ule mradi wa viwanja na huduma uliokopeshwa na Benki ya Dunia, sambamba na Kijitonyama na Mikocheni, kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Wakati ule mtu wa aina hiyo alikuwa anapanda basi. Leo kiwanja kilekile kina fremu mbele, ghorofa katikati, vyumba vya uwani nyuma, na kila mpangaji wa pili ana IST au Passo. Zote zinalala barabarani. Ijumaa na Jumamosi ongeza na wateja wa baa ya kona. Nafanya kazi famasi Kariakoo na narudi saa tatu usiku, muda ambao mtaa umeshajaa kama gunia la mkaa.

Sehemu pekee iliyokuwa inabaki wazi ni ubavuni mwa geti la jirani wa mkono wa kulia, mama mmoja mtu mzima, mwalimu mstaafu, anaishi na mumewe na wajukuu. Nilikuwa naacha nafasi ya gari lao kutoka, kwa kukadiria. Miezi ya mwanzo hakusema neno. Tukikutana asubuhi, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Halafu siku moja nikakuta tairi bovu limejazwa zege na bomba la chuma limesimikwa katikati, limewekwa palepale ninapoegesha. Nikalisukuma pembeni. Kesho yake yakawa matairi mawili. Wiki iliyofuata nikakuta tairi langu la nyuma halina upepo na valvu haipo. Novemba saiti mira zote mbili, yaani vioo vya pembeni, ziling'olewa usiku, na mimi kwa hasira nikasimama barabarani nikasema kwa sauti kwamba wezi hawatoki mbali. Wajukuu zake wa kiume walikuwa pale wamekaa kibarazani. Sikuwa na ushahidi wowote. Hilo neno limeniuma kuliko mira zenyewe, ambazo nilinunua nyingine Kariakoo kwa 140,000 na kuzichora namba ya gari.

Kuanzia siku hiyo sikuwa tena mwanangu. Nikawa "yule dada wa juu".

Mwenyekiti wa mtaa aliyechaguliwa Novemba 2024 aliletewa shauri letu Januari. Alikuja na mjumbe na futi kamba. Tulitegemea atasema nani mwenye haki, na kila mmoja alikuwa amejiandaa na maneno yake. Yeye akaomba koleo. Akachimba kidogo pembeni ya ukuta wa mama, chini ya vyungu vya maua, mpaka bikoni, lile jiwe la mpaka wa kiwanja, ikaonekana. Akasimama juu yake akasema, kuanzia hapa kwenda nje ni hifadhi ya barabara, matairi ya zege yapo barabarani, maua yapo barabarani na gari lako dada lipo barabarani. Barabara ya mtaa ipo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hakuna aliyeuziwa. Akatuachia sentensi moja ya ziada ambayo wakati ule sikuizingatia: geti ni njia ya mtu kutoka, na njia ya mtu haizibwi hata kama imepita juu ya ardhi isiyo yake.

Mama hakuridhika, akataka kwenda baraza la kata. Nilimfuata karani wa kata kuuliza nijiandae vipi, naye akanieleza kwamba kazi ya kwanza ya baraza kwa sheria yake ya mwaka 1985 ni kutafuta amani na kusuluhisha, kwa hiyo wangetukalisha tena chini kama alivyotukalisha mwenyekiti. Nikaona basi, nimeshinda. Niliendelea kuegesha.

Machi, usiku wa Jumanne, mume wake alipandwa na presha. Saa tisa usiku. Walipofungua geti wakakuta pua ya gari langu imeingia mbele ya njia yao kama hatua moja na nusu, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na Noah ya mteja wa baa na nilijibana. Gari lao halikupita. Wakanipigia simu, simu ilikuwa kimya kwenye chaji. Wakagonga geti letu, ambalo fremu zimelificha, hakuna aliyesikia. Mjukuu mmoja, mmoja wa wale niliowaita wezi, alikimbia mpaka kijiweni akapata bajaji, wakambeba mzee wakampeleka hospitali ya Palestina. Mzee alipona, yupo, juzi nimemwona anaota jua. Lakini saa kumi na mbili asubuhi niliposhuka nilikuta kandambili moja ya bluu, ya mguu wa kushoto, imelala kati ya bampa la gari langu na nguzo ya geti lao. Walikuwa wamempitisha hapo katikati kwa ubavu.

Nilikwenda hospitali na machungwa. Mama akayapokea kwa mikono miwili, akasema "Asante dada." Hakuongeza kitu. Jioni ile sikurudi na gari mtaani. Nililiacha kituo cha mafuta kwa kumwomba mlinzi, na kesho yake nikaanza kutafuta pa kulaza.

Sasa yadi.

Swali la kwanza utakaloulizwa getini ni "Unatoka saa ngapi asubuhi?" Mlinzi wa usiku ni mzee wa makamo, mkimya, ana kaunta buku kubwa aliyoipiga mistari mwenyewe kwa rula. Anaandika namba ya gari, saa ya kuingia, kilomita zilizopo kwenye dashibodi, na saa ya kutoka uliyomwambia. Hiyo saa ndiyo inaamua utaegesha wapi. Wafanyabiashara wa Kariakoo na madereva wa abiria wa uwanja wa ndege, wanaotoka saa kumi au kumi na moja alfajiri, wanakaa mstari wa mbele karibu na geti. Wa maofisini wanakaa katikati. Wanaoamka saa tatu wanasukumwa nyuma kwenye nguzo. Yanaingia magari thelathini na manne hivi, yamebanana ubavu kwa ubavu, na bado asubuhi yanatoka bila honi hata moja. Mimi natoka saa kumi na mbili kasoro, nipo mstari wa pili, na kwa miezi mitano nimewahi kusubiri mara mbili tu, zote chini ya dakika kumi.

Nimelifikiria sana hilo swali lake. Mtaani kwetu tumekaa miaka tunaulizana nani kafika kwanza na ukuta ni wa nani. Hakuna siku hata moja niliyomuuliza mama, "Mama, ninyi huwa mnatoka saa ngapi?" wala yeye kuniuliza mimi.

Ufunguo unaombwa kuachwa, umefungwa kibao chenye namba, na vyote vinakaa kwenye sanduku la chuma ndani ya kibanda. Mwezi wa kwanza nilikataa, nikaambiwa sawa, lakini utakaa nyuma kabisa na utatoka wa mwisho. Nikaukubali mwezi wa pili baada ya kuona kilomita zangu hazibadiliki kati ya jioni na asubuhi. Ushauri wangu: acha ufunguo wa gari peke yake. Usiache na wa nyumba.

Usalama ni mzuri kwa vitu vinavyoibwa usiku Dar, yaani mira, betri, taa na kontroli boksi. Sijapoteza kitu. Walinzi ni wawili, mmoja anazunguka na tochi. Lakini kuna kibao kinachosema uongozi hautahusika na upotevu wowote, na hicho kibao sikipendi. Unachukua hela za watu kulinda magari halafu unaandika kwamba huhusiki? Mwezi Juni nilikuta bampa la nyuma limekwaruzwa. Mzee akafungua daftari, akaonyesha gari lililosogezwa usiku ule na nani alilisogeza, akampigia mwenye yadi mbele yangu. Nililipwa 50,000 ya rangi baada ya wiki mbili. Walilipa, nashukuru, ila walilipa kwa sababu ya yule mzee na daftari lake. Siku akiondoka sijui nitakuwa na nini mkononi, kwa sababu risiti yenyewe ni ya kuandikwa kwa mkono. Mwenye yadi aweke utaratibu unaoeleweka na mashine ya risiti.

Ardhi ni mbaya. Nilianza katikati ya masika na Aprili ile yadi ilikuwa bwawa. Nilikuwa natembea na ndala kwenye mfuko wa plastiki, viatu vya kazi navaa ndani ya gari. Wamemwaga kifusi na kokoto upande wa geti, upande wa nguzo bado udongo mtupu. Mvua za vuli zikianza patarudi palepale. Kwa fedha wanayokusanya kwa mwezi lori mbili za kokoto si jambo la kushindikana.

Kitu kinachonisumbua zaidi ni kutembea. Kutoka yadi mpaka nyumbani ni dakika nane, na kwa mwanamke peke yake saa tatu na nusu usiku, mwenye mkoba, dakika nane ni ndefu. Kipande cha kabla ya kuvuka Shekilango hakina taa kabisa. Mwezi wa kwanza nilikuwa nachukua bodaboda kwa 1,000, ambayo ukiijumlisha kila siku inafika kama theluthi mbili ya kodi ya yadi. Siku hizi tunasubiriana wanawake watatu tunaolaza magari pale, tunavuka pamoja. Nilimwambia mwenye yadi aweke hata taa moja ya sola upande wa nje wa uzio, ni mwezi wa tatu sasa ananiambia ipo njiani. Kwa hilo namnyima nyota moja. Nampa nne.

Kuhusu bei, piga hesabu zako. 45,000 kwa mwezi ni 540,000 kwa mwaka, na kwa mshahara wangu nimeisikia. Nimeacha kununua chakula cha mchana cha mgahawani siku tatu kwa wiki, nabeba kutoka nyumbani. Kwa mtu anayetoka na gari mara moja moja, heri alipe ile 2,000 ya usiku. Malipo ya mwezi yanapokelewa kwa simu, na ukichelewa mpaka tarehe tano nafasi yako anapewa mwingine, hakuna kubembelezana. Hilo nalo nalipenda, kila mtu anajua.

Mtaani, ubavu wa geti la mama upo wazi. Wiki ya kwanza magari ya baa yalipajaza, wajukuu wakawa wanatoka saa mbili usiku na viti vya plastiki kulinda njia. Nilikwenda kuwaomba radhi wale vijana kwa lile neno la wezi, mbele ya bibi yao, nikiwa na kandambili ya bluu niliyokuwa nimeihifadhi. Mama aliniangalia muda mrefu. Akaniuliza gari nimepeleka wapi. Nikamweleza yadi, bei, mzee na daftari. Akasema ana mtoto wake Dodoma huwa anakuja na gari mwisho wa mwezi na hajui pa kumweka. "Hebu mwanangu niandikie namba ya huyo mlinzi."

Kwa anayetaka nafasi: nenda kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku, ndipo mzee anapokuwa na muda wa kukuandikisha. Juzi nafasi za mwezi zilizobaki zilikuwa tatu, zote upande wa nguzo, kwenye udongo. Ukiulizwa unatoka saa ngapi, sema kweli.